Impala ya Mzee wa Chitete

Katika mitaa yetu ya mjini, iwe Ilala, Mwanjelwa au Majengo, hukosi kuliona walau gari moja lililokufa. Limesimama juu ya matofali nyuma ya nyumba, tairi zimeondolewa, kuku wanataga katika kiti cha nyuma, na watoto wamekatazwa kulichezea. Mwenye gari ukimwuliza atakujibu kwamba analitafutia spea. Mkewe ukimwuliza atanyamaza. Watoto wakubwa watakuambia kwamba wanangoja, ila wanachokingoja hawakitaji.

Juma hili napenda tuzungumze juu ya kuliuza gari la namna hiyo. Sisemi gari lolote, maana magari ya siku hizi huuzwa kwa simu asubuhi na kusahauliwa jioni. Nasema gari lililopendwa, ambalo mwenyewe akilitaja sauti hubadilika. Nimelikuta moja mahali ambapo sikulitazamia.

Lilikuwa Chitete, makao makuu ya Wilaya ya Momba. Msomaji wa Dar es Salaam huenda anaijua Tunduma kwa sababu ya msururu wa malori yanayongoja kuvuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia. Chitete yenyewe haijui. Si ajabu, kwani Momba ilitengwa na Mbozi mwaka 2012, na Mkoa wa Songwe wote ulizaliwa mwaka 2016 kwa kuugawa Mkoa wa Mbeya. Nilikwenda huko kwa shughuli nyingine ya gazeti. Kijana aliyenichukua kwa pikipiki ndiye aliyeniambia kwamba yuko mzee mwenye "gari refu la Mmarekani", na kwamba wanawe wamegombana kwa ajili yake.

Gari lilikuwa chini ya kibanda cha bati sita. Lilikuwa Chevrolet Impala ya mwaka 1964, milango minne, usukani wa kulia, rangi ya samawati iliyochujuka hadi kuwa kama maziwa yaliyotiwa maji. Ili upate picha, chukua Toyota IST ambayo mjini tunaiona kila kona: haifiki mita nne. Impala hii ina urefu wa mita 5.3 na upana wa mita mbili. Kiti cha mbele ni kimoja, kirefu kama benchi, na huketi watu watatu bila kubanana. Mkono wa gia umechomoza kwenye usukani. Nyuma kuna taa za mviringo, tatu kulia na tatu kushoto, na hizo ndizo zilizoitofautisha Impala na ndugu zake wa bei nafuu waliokuwa na mbili mbili. Ubavuni kuna sanamu ndogo ya mnyama anayeruka.

Mnyama huyo ni swala pala. Jina la impala limetoka katika lugha ya Wazulu, likachukuliwa na Wamarekani wa Detroit waliopoanza kuliuza gari hili mwaka 1958. Mwaka 1965 waliuza huko kwao Impala zaidi ya milioni moja katika mwaka mmoja tu. Swala wetu alikwenda ng'ambo kwa jina, akarudi kwa chuma. Magari ya Chevrolet yenye usukani wa kulia yaliyofika kusini mwa Afrika aghalabu yaliunganishwa Port Elizabeth, Afrika Kusini, ambako kampuni ya General Motors ilifungua kiwanda mwaka 1926. Mzee anasema gari lake lilitoka huko, likasafirishwa kwa reli hadi Kitwe, katika mikoa ya shaba.

Yeye alifika Kitwe mwaka 1958 akiwa kijana wa miaka 18, kama walivyofanya vijana wengi wa Kinyamwanga, ambao mpaka wa Tunduma uliwakata sehemu mbili bila kuwauliza. Alishuka mgodini. Zambia ikapata uhuru tarehe 24 Oktoba 1964. Mwaka 1966 Tume ya Brown ikapendekeza mishahara ya wachimbaji Waafrika ipandishwe kwa asilimia 22. Mzungu mmoja wa mgodini alikuwa akifunga mizigo arudi kwao, na mwaka 1967 mzee akalinunua gari lake kwa akiba ya miaka tisa. Siku ya kwanza hakuliendesha. Alilala ndani yake, mlangoni pa nyumba ya mgodi, kwa kuchelea wezi. Hayo aliyasema mkewe. Mzee alidai kwamba alikesha tu.

Vijana wanaosoma safu hii yafaa wajue hali ya barabara kwa wakati ule. Novemba 11, 1965, walowezi wa Rhodesia ya Kusini walijitangazia utawala wao, na Zambia ikanyimwa njia ya mafuta. Mapipa ya petroli yakawa yanatoka Dar es Salaam kwa malori, kupitia Iringa, Mbeya na Tunduma, katika barabara ya udongo ambayo madereva waliibandika jina la jehanamu. Bomba la mafuta la TAZAMA lilifika Ndola mwaka 1968. Baadaye ikaja lami, ambayo sehemu yake iligharimiwa na Marekani, na reli ya TAZARA ya kilomita 1,860, iliyojengwa kwa msaada wa China na kukabidhiwa mwaka 1976. Ni mwaka huo huo mzee aliporejea nyumbani. Bei ya shaba ilikuwa imeanguka tangu 1975. Aliendesha zaidi ya kilomita 900 kutoka Kitwe hadi Nakonde, kupitia Kapiri Mposhi na Mpika, mkewe na watoto watatu wakiwa nyuma pamoja na cherehani, masufuria na redio.

Hebu fikiri kuingia kijijini Tanzania mwaka 1976 na gari la namna ile! Azimio la Arusha lilikuwa na miaka tisa. Watu walikuwa wamehamishiwa katika vijiji karibuni tu, nyumba nyingine hazijapigwa udongo. Balozi wa nyumba kumi alikuja kumwuliza kwa upole kama yeye ni bepari. Mzee alimwonyesha viganja vyake. Kisha akamwomba apande, wakazunguka kijiji mara mbili, na tangu siku hiyo, asema, habari ya ubepari haikutajwa tena.

Hapa ndipo mzee alipoanza kunihesabia kazi za gari lile, nami nikaona nisimkatize. Lilipeleka wagonjwa hospitali ya misheni ya Mbozi. Lilibeba maharusi ambao sasa wana wajukuu. Lilipeleka watoto wa watu shule za sekondari, masanduku yao ya bati yakiwa yamefungwa juu kwa kamba. Lilibeba pia maiti, zikalazwa juu ya kiti cha nyuma huku mlango umefungwa kwa shida. Wakati wa masika halikwenda popote, kwa maana tumbo lake lilikuwa chini mno na njia ya Chitete ilikuwa tope. Mama mjamzito wa masika alibebwa kwa machela kama zamani. Mzee hakulificha hilo. Lita moja ilimpeleka kama kilomita saba, na tangi lilimeza lita zaidi ya 70. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, petroli ilipokuwa adimu na magari ya binafsi yakapigwa marufuku kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana, mzee aliendelea kupata mafuta. Nilimwuliza aliyapata wapi. Alitazama upande wa Nakonde akaanza kuniuliza habari za afya ya wazazi wangu.

Mkewe alikuwa akitusikiliza, ameketi mkekani akichambua maharage kwa vidole. Nasema kwa vidole kwa sababu macho yake hayakumsaidia: yote mawili yana mtoto wa jicho. Mzee alipomaliza kuhesabu, mama alisema, "Mwanangu, na tairi je? Mwulize tairi za mwaka 1982 alinunua nani." Mzee akacheka kidogo. Tairi zile zilinunuliwa kwa magunia sita ya ulezi, na ulezi ulikuwa wa mama, aliyeulima kwa mkono wake. Betri iliyofuata ilitokana na ufuta, wa kwake pia. Kisha akaongeza jambo ambalo nimelifikiri njia nzima ya kurudi: katika miaka yote ile, katika kiti kile cha mbele cha watu watatu, yeye hakuwahi kuketi hata mara moja. Mbele waliketi mzee na wageni wake wa kiume. Yeye alikaa nyuma na bibi harusi, au na mgonjwa, au na maiti.

Sasa tuje kwenye ugomvi wenyewe. Gari halijatembea tangu mwaka 2009. Mzee analaumu petroli ya siku hizi, kwamba imeondolewa nguvu. Ni kweli kwamba petroli yenye madini ya risasi iliondolewa katika nchi zetu kusini mwa Sahara mwanzoni mwa 2006, na ni kweli pia kwamba risasi ile ilikuwa ikilinda vikalio vya vali katika injini za zamani. Lakini mafundi wenye uzoefu watakuambia kwamba gari linalotembea polepole na kwa nadra huchukua muda mrefu kuharibika kwa sababu hiyo. Impala ya Chitete ilisimama kwa sababu silinda ya breki ilivuja na haikupatikana nyingine. Mzee ameamua kuamini habari ya petroli, na umri wake unamruhusu.

Mwaka jana walikuja wanunuzi wa chuma chakavu kutoka Tunduma. Walilizunguka, wakaligonga gonga, wakakadiria uzito wake, na kwa bei ya kilo waliyoitaja gari lote lingezaa shilingi milioni moja na laki mbili. Mzee aliwafukuza kwa fimbo. Baadaye akatokea mtu wa Dar es Salaam, mpenda magari ya kale, aliyeiona picha yake katika simu ya mjukuu. Huyu alitaja milioni tisa. Hakuzungumza na mzee, bali na kifungua mimba wake, karani huko huko Dar es Salaam, na kijana akapokea laki tano za utangulizi kwa simu. Baba hakuambiwa, wala mama. Mzee alizipata habari kutoka kwa mnunuzi mwenyewe, aliyempigia kumwuliza lori lije siku gani.

Wapo watakaosema kijana alikuwa na nia njema. Nimezungumza naye, na nia yake naijua: alitaka mama apelekwe Mbeya akapasuliwe macho. Maneno yake yalikuwa mafupi, "Mzee anatunza chuma, na mama haoni." Hoja hiyo ni nzito, wala sina la kuipinga. Hata hivyo kuuza mali ya mzazi aliye hai, mwenye akili zake timamu, bila kumwambia, ni wizi, hata kama fedha zitakwenda hospitali. Kijana alikuwa na simu mkononi. Angeweza kupiga Chitete kabla ya kupokea laki tano.

Na mzee naye? Alinijibu kwa utulivu. "Nilikwenda Kitwe na mikono mitupu. Miaka 18 nilikaa chini ya ardhi. Pensheni sina, nyumba ya mgodi haikuwa yangu, na rafiki zangu wa huko wamekufa. Likiondoka hili, nitamwonyesha nani kwamba nilikuwako?" Sikuwa na jibu, na sidhani kwamba yuko mwenye jibu. Ila nilimwuliza mama anaonaje. Alisema, "Mimi silioni tena, mwanangu. Nalisikia tu, mvua ikipiga bati lake." Kisha, baada ya kitambo: "Kama lina fedha, na liseme."

Msomaji atauliza, kisheria gari hili ni la nani? Kadi ina jina la mzee. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 husema kwamba mali iliyoandikwa kwa jina la mume huhesabiwa kuwa yake mpaka ithibitishwe vinginevyo. Nyumba ya ndoa hawezi kuiuza bila ridhaa ya mkewe, lakini gari si nyumba. Kwa hiyo mzee angeweza kuliuza kesho akala fedha zote, na karani wa kodi asingemwuliza neno. Lakini sheria hiyo hiyo, wanandoa wakitengana, huipa mahakama uwezo wa kugawa mali waliyoichuma pamoja. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba hata kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kuichuma mali. Magunia sita ya ulezi basi yangehesabiwaje? Hawa wawili hawatengani, wameoana kwa zaidi ya miaka 55, na Mungu awazidishie. Nauliza tu kwa nini hesabu ya haki ingoje mpaka watu waachane.

Nimesikia wengine wakitoa mfano wa Kuba, kwamba huko magari ya Kimarekani ya miaka ya 1950 yangali yanatembea mpaka leo, basi kwa nini sisi tuyauze? Mfano huo wanautumia vibaya. Wakuba hawakuyaweka magari yao chini ya vibanda. Walizuiwa kununua mengine. Kabla ya mwaka 2011, magari yaliyokuwako nchini kabla ya mapinduzi ya 1959 ndiyo pekee ambayo mwananchi aliweza kuyauza na kuyanunua kwa uhuru, kwa hiyo yalirithishwa, yakauzwa, yakatiwa injini za aina nyingine, yakageuzwa teksi. Yamedumu kwa sababu yanafanya kazi kila siku. Impala ya Chitete ilikuwa ikiliwa na kutu taratibu chini ya macho ya mtu aliyeipenda kuliko wote. Wenzetu wa Nairobi nao tangu mwaka 1970 hufanya maonyesho ya kila mwaka ya magari yaliyotunzwa, na huko gari la umri huu hupata watu wanaojua hata jina la kila skrubu. Kiwandani halitengenezwi tena. Impala ya mwisho ilitoka Detroit mwezi Februari 2020.

Nikamwambia mzee hayo, kwa adabu ya mgeni. Sikumshauri auze. Nilimwambia tu kwamba akiuza mwenyewe atachagua mnunuzi, na akiacha wengine wauze baada yake, watachagua mzani.

Yaliyofuata nimeyapata kwa simu. Mzee aliita kikao, kifungua mimba akapanda basi kutoka Dar es Salaam, akaomba radhi mbele ya wadogo zake. Kadi ya gari ilitafutwa siku mbili, ikapatikana katika kopo la biskuti pamoja na kitabu cha usajili cha Zambia na stakabadhi za forodha za mwaka 1976. Wewe mwenye gari juu ya matofali, angalia leo kadi yako iko wapi, kwa maana pasipo karatasi hata mpenda magari wa kweli hatakupa zaidi ya bei ya chuma. Hati ya mauziano iliandikwa kwa wakili, si kwa maneno. Kodi ya uhamisho ililipwa TRA na mnunuzi, kama walivyoafikiana. Mzee alimweleza mnunuzi wazi kwamba breki hazipo, kwamba sakafu ya nyuma imetoboka, na kwamba kioo kimoja si cha asili. Mnunuzi akapunguza nusu milioni. Mwanawe aliguna, mzee akamwambia anyamaze.

Zilibaki milioni nane na nusu, zikiwamo zile laki tano. Kwanza ilitengwa gharama ya macho, jicho moja moja kwa kufuatana, na nauli ya binti atakayemwuguza. Iliyosalia iligawanywa sawa baina ya mzee na mkewe, ya mama ikaingia katika simu ya mama mwenyewe. Watoto hawakupata kitu, na nimefurahi kusikia hivyo.

Lori lilikuja mwezi Agosti, njia ikiwa kavu. Vijana wanane walilisukuma hadi kwenye mbao. Kabla halijafungwa minyororo, mama aliomba aongozwe mpaka mlango wa mbele, akaingia, akaketi katikati ya kile kiti kirefu. Mzee akaketi upande wa usukani. Mnunuzi, ambaye yaelekea ni mtu mwenye utu, aliwaamuru vijana wakanywe chai kwanza.

Jicho la kulia limekwisha pasuliwa, la kushoto linangoja miezi miwili. Bati sita za kibanda zimehamishiwa jikoni kwa mama, ambako paa lilikuwa likivuja tangu masika.